Bunduki Fupi ya Velda

Aliyemwambia Delsie kwanza kwamba bunduki inaweza kurogwa alikuwa mama mkwe wake, Garnet, siku waliyokuwa wakivunja maharage mabichi barazani. Alilisema kwa sauti ile ile ambayo angesema chumvi imekwisha. Bunduki iliyorogwa haipati kitu. Dawa yake ni kuchora sura ya mchawi kwenye ubao na kuipiga. Popote alipo, ataumia. Na kabla jua la siku ya pili halijazama, atakuja mlangoni kwako kuazima kitu... kitu kidogo tu.

"Usimpe," alisema Garnet. "Ukimpa, nguvu zinamrudia. Na katika nyumba yako atamchukua aliye mdogo kuliko wote."

Delsie alicheka. Wakati huo Corbin alikuwa bado tumboni.

Sasa Corbin alikuwa amezaliwa, na Delsie hakuwa na nguvu za kucheka. Mumewe, Lonzo, alikuwa zamu ya usiku machimboni. Mchana alilala kama gogo. Mtoto alilia mchana, akalia usiku. Maziwa ya Delsie yalikauka mapema, wakahamia kwenye maziwa ya kopo. Kuna siku alisimama jikoni akiwa ameshika kijiko, asikumbuke alitaka kukoroga nini.

Alitaka kitu kimoja. Kila Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wa zimamoto, watu wa bonde la Sourwood hushindana kupiga shabaha ya karatasi. Ambaye chembe yake ya marisau, zile punje ndogo zilizojazwa ndani ya risasi, imetua karibu zaidi na alama ya katikati hupewa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Delsie hakuwa na haja na hilo paja. Alitaka kusimama mahali ambapo hakuna mtu anayemlilia.

Basi jioni moja ya Novemba akambeba Corbin, akaenda dukani kwa Hobart kuchagua bunduki.

"Ya kuwindia au ya kujifurahisha?" aliuliza Hobart.

"Ya kujifurahisha. Ya Jumamosi."

"Lonzo anajua?"

"Lonzo amelala."

"Basi tuchague upesi kabla hajaamka."

Akampokea mtoto kwa mkono mmoja, akampa bunduki ya kwanza kwa mkono wa pili. Ilikuwa ndefu. Delsie alipoiweka begani, ilimbidi anyooshe shingo ndipo jicho lifike kwenye mtutu.

"Umekuwa bata," alisema Hobart. "Rudisha."

Ya pili ilikuwa fupi kidogo, lakini nzito. Mikono ikaanza kumtetemeka kabla hajahesabu kumi. Ya tatu ilibeba risasi moja tu, ukipiga unaikunja katikati na kujaza tena. Wakati wote huo Corbin alikuwa akilia, sauti imemkauka.

Ndipo Delsie akaiona nyingine, pembeni, nyuma ya ndoano za samaki. Fupi. Chini ya kifyatulio ilikuwa na kitanzi cha chuma cha kuingiza vidole. Ukikisukuma mbele na kukivuta nyuma, ganda tupu linaruka na risasi mpya inaingia. Aliiinua. Ikaja begani yenyewe. Kitako kilikuwa kimekatwa na kusuguliwa kwa mkono, na pale shavu linapolala, mbao ilikuwa imelainika.

Akakivuta kitanzi.

Kla... klak.

Corbin akanyamaza. Akaigeukia ile bunduki, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza.

"Risasi zake nyembamba kama kidole," alisema Hobart taratibu. "Lakini ni nyepesi, na bunduki nyepesi hupiga teke. Usije kusema sikukuambia."

"Ilikuwa ya nani?"

Hobart akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Ya Velda. Alikaa kule juu, mwisho wa bonde. Mfupi kama wewe. Kila Jumamosi alibeba paja, mpaka wanaume wakachoka kutaniwa na wake zao."

"Akaiuza?"

"Aliyeiuza ni kaka yake. Baada ya ile baridi ya theluji kubwa iliyomuua."

Delsie alitaka kuuliza zaidi. Lakini mtoto alikuwa kimya, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na kimya hicho ndicho alichokinunua.

Kesho yake alipanga makopo nyuma ya nyumba, akapiga. Hakuna kilichoanguka. Akasogea karibu. Akapiga tena na tena. Marisau yalipita kushoto, yakapita kulia, kama maji yanavyolizunguka jiwe. Bega likamuuma.

"Hiyo umeitoa wapi?"

Garnet alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuitazama sura ya Delsie. Alikitazama kile kitako kilichokatwa.

"Kwa Hobart, mama."

Garnet akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Imerogwa. Nina ubao ghalani. Nitakuletea."

Ubao ulikuja, mpana, umepakwa chokaa. Garnet akampa kipande cha mkaa.

"Nimchore nani?"

"Mwanamke yeyote. Bunduki inamjua."

Delsie alichora. Duara, macho, mdomo, mabega. Kwa uchovu wake, yule mwanamke naye akatoka mchovu. Jua likiwa linashuka nyuma ya kilima, akapiga.

Mara hii ilipata. Marisau yote yalizama kwenye bega la ule mchoro, na chokaa ikapukutika. Harufu ya baruti ikabaki hewani. Garnet akaitikia kwa kichwa, akashika njia ya kwake.

Giza liliingia upesi. Lonzo alikuwa ameondoka kwenda kazini. Delsie aliitoa bunduki risasi, akaitundika juu ya mlango, akakorogea mtoto maziwa. Kopo lilikuwa jipya, limejaa. Corbin akanywa, akalala.

Kukawa kimya... kimya kiasi cha kusikia jivu likishuka jikoni.

Kla... klak.

Delsie aliinua macho. Bunduki ilikuwa pale pale juu ya mlango. Kitanzi kilikuwa kinaning'inia wazi.

Kisha hodi. Ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Nani?"

"Mimi, mama." Sauti ya mwanamke, ya kunong'ona. "Naomba uniazime maziwa kidogo."

Harufu ikapenya chini ya mlango. Sufu mbichi. Theluji. Lakini theluji ilikuwa bado haijaanguka mwaka huo.

Delsie alichungulia pembeni mwa pazia. Aliona koti jeusi na mwanamke mfupi, amejikunja upande mmoja, bega lake likiwa limeshuka. Kwenye koti kulikuwa na kitu kilichofunikwa. Kilikuwa kinalia, kilio chembamba, kilichokauka. Kilio hicho Delsie alikijua. Aliishi nacho.

"Si yangu," ilisema sauti. "Ni ya huyu. Kikombe tu."

Kopo lilikuwa mezani. Mkono wa Delsie ukalifikia, ukaligusa. Akamtazama Corbin kwenye kitanda chake. Aliye mdogo kuliko wote.

Akauondoa mkono.

"Sina," alinong'ona.

 Nje, kilio kilikoma.

"Haya," ilisema sauti, bila hasira. "Asante hata hivyo. Nimezoea."

Hakusikia hatua zikiondoka.

Asubuhi Garnet alikuja na mkate wa mahindi, bado wa moto. Aliketi, akajimiminia kahawa.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Ulimpa?"

"Hapana, mama."

Garnet akashusha pumzi ndefu. "Vizuri. Sisi pia hatukumpa."

Delsie alimtazama. Garnet aliendelea kukata mkate, vipande sawasawa.

"Nyie... lini, mama?"

"Kunywa kahawa. Inapoa."

Delsie akashusha blanketi begani, akaona alama ya teke la bunduki, nyeusi kama tunda lililopondeka. Akajifunika, akatoka nje. Barafu nyembamba ilikuwa imetanda kwenye ngazi, bila unyayo hata mmoja. Ila mahali pamoja, mbele ya mlango, palikuwa pakavu. Kama mtu alisimama hapo usiku kucha.

Akaenda nyuma kwenye ubao. Pale chokaa ilipopukutika, chini yake kulikuwa na mkaa mwingine, wa zamani. Akaikwangua kwa ukucha. Likatokea bega, na matundu ya marisau yaliyoingia weusi. Ikatokea sura ya mwanamke mfupi. Akaendelea kukwangua kuteremka. Kifuani mwa yule mwanamke, aliyemchora alikuwa amechora kichwa kidogo, cha duara. Nacho kilikuwa na matundu.

Alirudi ndani. Akawasha jiko, akakoroga maziwa, akajaza chupa mbili.

"Hiyo ya pili ni ya nani?" aliuliza Garnet.

Delsie aliifunga chupa kwa taulo ili isipoe.

"Delsie. Una mtoto."

"Na yeye alikuwa naye, mama."

Garnet aliacha kukata. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya mkate.

Delsie akaiweka chupa kwenye ngazi, pale mahali pakavu. Kisha akamchukua Corbin, akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akaketi kukabili kizingiti. Mlango akauacha wazi.