Kimya cha Shamsia

Saa tatu asubuhi soko la samaki la Bagamoyo halimsikilizi mtu. Mafuta yanachachatika kwenye makarai, madalali wananadi changu na jodari, bodaboda zinapiga honi. Katika ghasia hiyo Masoud aliingia duka la zana za uvuvi, akafunga ncha ya mshipi wa papa kwenye msumari wa mlango, akaukaza, akaugonga kwa kidole huku ametega sikio.

"Kaka, unanunua au unauhoji?"

Aliyeuliza ni Shamsia, mwenye duka. Baibui lake lilikuwa wazi mbele, ndani gauni la kitenge cha manjano, hina imekolea mpaka kwenye kucha.

"Nausikiliza, dada. Sijui kama utanifaa."

"Papa hajawahi kulalamika."

Masoud akacheka. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mikono ya shati ilimwishia kabla ya mkono wenyewe kwisha. Akaeleza kuwa yeye hupiga besi, ile fidla iliyo ndefu kuliko mtu, na uzi wake mnene umekatika. Uzi mpya mpaka utoke ng'ambo.

"Uzi mnene ukiulegeza hutikisika polepole, sauti inakuwa nzito. Mwembamba, au uliokazwa, hutikisika haraka, sauti inapanda."

"Na ukiupiga kwa nguvu?"

"Hapo unaongeza ukubwa tu. Uzito wake haubadiliki. Watu wengi huchanganya."

"Basi mimi sauti yangu nyembamba na ni kubwa. Lete hapa nikukatie, wateja wamesimama."

Uzi ulifaa. Simu zikaanza. Jioni Masoud alimpigia Shamsia akiwa mazoezini, akawaomba wenzake wapige noti ileile, mmoja kwa filimbi, mwingine kwa fidla, naye akisie.

"Hiyo filimbi. Noti ni moja, mbona nimejua?"

"Kila chombo kina rangi yake ya sauti. Hata wewe ukisema haloo sihitaji jina."

"Maneno hayo umewaambia wangapi?"

"Wawili. Mmoja mama yangu."

"Mbona sasa mmenyamaza huko, habibi?"

"Ni zamu yetu kunyamaza. Kimya nacho huandikwa. Kina urefu wake, tunakihesabu."

Baada ya miezi minne barua ya posa ilifika kwa Abdullatif, baba mdogo wa Shamsia aliyemlea. Jibu likaahidiwa kutolewa Jumamosi.

Alhamisi, mradi mmoja wa muziki ulilileta kundi la Masoud mwongozaji wa okestra, kijana wa Dar aliyesomea Ulaya akarudi na kidevu kimeinuka. Akapanga viti. Mbele nyuzi, yaani fidla na besi. Nyuma yao filimbi na klarineti, zile ala za mbao za kupuliza. Kisha shaba, matarumbeta na matromboni. Ngoma, zilizokuwepo mji huu kabla ya kiti hata kimoja cha ukumbi ule, zikasukumwa mwisho, karibu na mlango wa choo. Hakuna aliyeuliza. Tumezoea kupangwa. Waliotuletea tarumbeta pwani hii walilishusha pamoja na bunduki, na mpaka leo akitokea mtu na kijiti mkononi tunakaa tulipoambiwa.

Mwongozaji akaushika uzi wa besi. "Hii nini? Kamba ya kuvulia?"

Ukumbi ukacheka. Mpiga tarumbeta mmoja akamnyooshea kidole Shamsia, aliyekuwa mlangoni na hotpoti ya pilau. "Kapewa na yule."

"Huyo ndiye fundi wako?"

"Ah, huyo muuza duka tu," Masoud akasema. "Hata simjui vizuri. Nitautoa."

Shamsia aliiweka hotpoti sakafuni, taratibu, akaondoka.

Jumamosi Abdullatif alimketisha mkekani, shangazi Chausiku pembeni. "Mwanangu, wenzetu wanasubiri. Unasemaje?"

Shamsia angefungua kinywa angelia kwa hasira, na hakutaka kumlilia yule Masoud. Akainama.

"Kimya ni ridhaa," shangazi akasema, akapiga vigelegele. Shamsia anainua kichwa, baba mdogo yuko kwenye simu akiwapa wenzao jibu. Mji huu una wanawake wangapi waliosemewa hivyo, tena na watu wanaowapenda.

Simu ya Shamsia ikaita baada ya nusu saa.

"Mke wangu mtarajiwa."

"Nani huyo?"

"Shamsia, nimeambiwa umekubali."

"Sikukubali. Nilinyamaza."

"Sasa si ndiyo..."

"Wewe unayehesabu vimya, changu hukukihesabu. Hunijui vizuri, si ulisema?"

"Niliona aibu."

"Ya uzi au yangu?"

"Ya vyote viwili."

"Angalau hapo umesema kweli." Akakata.

Masoud hakuweza kukaa. Alitembea mpaka Kaole akarudi, akalala na viatu, akaamka. Angeweza kunyamaza naye akaoa. Wazee wote walikuwa upande wake. Jumapili baada ya adhuhuri alibisha hodi kwa Abdullatif.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mchumba haji peke yake."

"Nimekuja kurudisha jibu, mzee. Mlilonipa Shamsia hakulitoa." Akasimulia yote, hakupunguza neno. "Leo asubuhi nimesimama mbele ya watu walewale nikasema huyo muuza duka ndiye niliyemposa, na uzi siutoi. Mwongozaji kanihamishia nyuma kwenye ngoma."

"Unajua unaniaibisha?"

"Najua."

"Na vigelegele vyangu je?" Chausiku akauliza. "Nivimeze?"

Pazia likafunguka. Shamsia, aliyeyasikia yote, akaketi katikati ya mkeka. "Baba mdogo, niulize tena. Na asinijibie mtu, hata nikikaa hapa mpaka magharibi."

Abdullatif akamtazama Masoud, akamtazama binti, akauliza.

Shamsia akanyamaza. Dakika ikapita. Chausiku akafungua kinywa. Abdullatif akainua kiganja. Dakika nyingine.

"Nimemkubali," Shamsia akasema, na jirani uani akaacha kutwanga.

"Sasa nipige?" Chausiku akanong'ona.

"Subiri, shangazi. Sijamaliza."

Akaendelea kutaja masharti yake mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyemkatiza.