Misuli Haidanganyiki

Kila jioni baada ya shule, Nagwan alivuka reli ya tramu, akakatiza uchochoro wa wauza samaki, akatokea kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maghorofa, mahali ambapo wasichana wa mtaa wao, katika mji wa Iskandaria nchini Misri, hunyanyua vyuma. Pale hapakuwa na paa wala vioo. Palikuwa na vyuma, jukwaa la mbao, na mwalimu wao, Kapteni Inshirah, mwenye sauti iliyowafikia hata wanaoanika nguo ghorofa ya tano.

Msimu ule Kapteni alikuwa akichagua timu ya mkoa, msichana mmoja kwa kila kundi la uzito. Katika kundi la Nagwan alikuwamo pia rafiki yake Ibtihal, na hapakuwa na ubishi kwamba nafasi ingekuwa ya Ibtihal, yule mtoto alijaliwa nguvu. Makundi mawili hayakuwa na mtu: jepesi la chini yao na zito la juu yao. Lile la juu Nagwan hakutaka hata kulifikiria, maana vyuma vyake vilimtisha. Akaamua kimoyomoyo kwamba atapungua, ashuke, ajipatie nafasi.

Basi asubuhi bibi yake alipomwekea maharage, yai na mkate wa moto, yeye alibeba sahani mpaka juu ya nyumba, akawamwagia njiwa. Maji nayo akawa anayagusa tu kwa midomo.

"Umekula, mjukuu wangu?"

"Nimeshiba, bibi."

Uongo mtupu! Tumbo lilikuwa likinguruma wakati huohuo.

Siku ya majaribio, mizani ilimpa alichokitaka. Nagwan akapanda jukwaani akitabasamu, akashika chuma ambacho wiki chache nyuma alikiinua huku akicheka. Akachuchumaa, akavuta. Kilipofika magotini, miguu ikaanza kutetemeka. Mara msuli wa paja ukakaza, ukawa mgumu kama jiwe, ukakataa kulegea. Chuma kikaanguka puu! Naye akaanguka kando yake akipiga mayowe.

Kapteni alimkimbilia, akamnyoosha mguu polepole mpaka maumivu yakatulia.

"Umekula nini leo?"

"Maharage na yai, Kapteni."

"Na maji?"

"Mengi tu."

Kapteni alimwambia aende nyumbani akapumzike.

Nyumbani alimkuta bibi mlangoni, mikono kiunoni. "Njiwa wangu wamenenepa mpaka wanaona uvivu kuruka. Leo nimepanda kuwaangalia, nimekuta maharage yangu kule juu! Sasa chagua: umwambie Kapteni mwenyewe, au niende mimi. Na huu mdomo wangu unaujua."

Nagwan alilia. Aliona aibu, na aliogopa kufukuzwa uwanjani, mahali alipopapenda kuliko pote duniani. Hata hivyo, kesho yake alikwenda. "Kapteni, nilikudanganya," alisema, na akaeleza yote.

"Mtoto wewe! Chuma kingekuangukia shingoni, ningemwambia nini bibi yako?" Kapteni alifoka, kisha akashusha pumzi. "Lakini umekuja mwenyewe. Kaa hapa. Na wewe Ibtihal, acha kuchungulia, njoo."

Akavielekeza vidole vya mikono yake miwili vitazamane, akaviingiza taratibu, hivi katikati ya vile. "Ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo mno, nene na nyembamba, zimepangana hivi. Ubongo ukitoa amri, nene zinashika nyembamba, zinavuta, zinaachia, zinashika tena mbele. Msuli unafupika, mfupa unaufuata. Nguvu yote mnayoiona hapa ni hiyo. Msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu."

"Hata nikisukuma chuma juu?" Ibtihal aliuliza.

"Hata hapo. Msuli wa nyuma ya mkono unavuta, kiwiko kinanyooka." Akamgeukia Nagwan. "Na kila mvuto unahitaji nguvu itokanayo na chakula. Hata kuachia kunaihitaji! Msuli uliochoka, usio na chakula wala maji, ni rahisi kukaza ukagoma kulegea. Nyuzi zako hazikuwa na kitu cha kufanyia kazi."

"Kwa hiyo nafasi nimeikosa?"

"Ya kundi jepesi, ndiyo. Mtoto mwenye njaa simpeleki popote." Nagwan akainamisha kichwa. "Lakini wewe bado unakua. Kwa nini ujivute chini? Nenda ukale, tuone baada ya miezi mitatu."

Nagwan alikula. Bibi aliketi mbele yake mpaka sahani inang'aa. Alikunywa maji, akalala mapema, akarudi kwenye vyuma vyepesi, akapanda kidogokidogo. Miezi mitatu baadaye alipopimwa, alikuwa ameingia kundi la juu, lile lile alilokuwa akiliogopa.

"Basi chuma cha kundi hilo ndicho hicho," Kapteni alisema.

Nagwan alipanda jukwaani. Akachuchumaa, akavuta. Mapaja yakaitika. Chuma kikapanda magotini, kikapita kifuani, kikasimama juu ya kichwa chake kimya kabisa. Ibtihal akapiga kigelegele mpaka watu wakatoka vibarazani.

"Mmeona?" Kapteni aliwaambia wasichana wote. "Mimi mnaweza kunidanganya, na bibi zenu pia, siku mbili tatu. Misuli haidanganyiki. Haiwezi kuvuta kwa chakula ambacho hukukila. Haya, Nagwan, shusha. Nafasi ni yako."