Laptopu ya Zoraida, Akaunti ya Edilberto

"Unatafuta nini, rafiki? Laptopu? Chaja? Wino wa printa? Pita ndani, rafiki!"

Zoraida Palomino aliwapita wapiga debe wa Barabara ya Wilson, jijini Lima, bila kuwatazama, amekumbatia laptopu kifuani, koti lake la manjano limelowa manyunyu ya Agosti. Alikuwa na hasira. Dada yake aliyeko Milano alikuwa amemtumia laptopu nyembamba ya rangi ya fedha, nzuri kwelikweli, ila ya mfumo mwingine kabisa. Kwa siku tatu karani huyu, anayesifika kwa kasi katika ofisi nzima ya wakili wa hati, alikuwa ameandika kurasa mbili tu. Ghorofa ya pili alimkuta Edilberto, fundi mrefu mwenye fulana nyeusi na kucha safi kuliko za Zoraida mwenyewe.

"Imeharibika," Zoraida alisema.

"Imeharibikaje?"

"Kitufe cha kufunga kimehamia kushoto. Nikishusha ukurasa, unapanda. Nikinakili, hainakili!"

Edilberto akacheka. "Mashine ni nzima. Vidole vyako ndivyo havijahama."

"Vidole vyangu usiviguse."

"Sijavigusa. Bado."

Zoraida alitaka kukasirika zaidi, akashindwa.

Mashine ilidai akaunti, naye hakuwa nayo. Nyuma yake foleni ilikuwa inanung'unika. Edilberto akafanya wanachofanya mafundi wengi wa pale mteja akiwa na haraka: akaiandikisha kwa akaunti yake mwenyewe, ileile ya simu yake, akijiambia ataibadilisha kesho. Kesho ikapita. Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na miwili alisahau kazi yake kwa sababu ya mwanamke mwenye koti la manjano.

Simu zikaanza.

"Edilberto, herufi ñ iko wapi? Nina mirathi ya mzee Núñez hapa, nimemwandika vibaya mara tano, mwanawe anataka kunimeza!"

"Kibodi ya Kiitaliano hiyo, haina. Bonyeza N, usiiachie. Umeona?"

"Nimeona. Mbona hawakusema?"

"Wangesema, ungenipigia?"

Kufikia Oktoba, nusu ya Lima ikiwa imevaa zambarau kwa maandamano ya kidini ya mwezi huo, walikuwa wakitembea wameshikana mikono, na Zoraida alikuwa amempa funguo za nyumba yake.

Mchana mmoja ofisini, Zoraida akitafuta kikokotoo, kidole chake kilifungua sehemu asiyoijua, iliyojaa maandishi mafupi. *Nunua soketi. Mpeleke Z. kula maandazi ya malenge. Hapendi giligilani.* Alisoma huku akitabasamu, akidhani macho yanamdanganya. Kesho yake yakaongezeka mengine: *Koti la bluu linampendeza kuliko yote.* Ndipo akaelewa. Kila alichojiandikia Edilberto kwenye simu yake kilikuwa kinaingia humu.

Angemwambia. Sentensi moja tu ingetosha, nami ninayesimulia namlaumu hadi leo. Lakini utamu ule! Jumamosi alivaa koti la bluu. Edilberto alipoandika kwamba anatamani mchuzi wa olluco, vile viazi vidogo vya milimani, na nyama kavu kama wa mama yake, Zoraida aliupika.

"Umejuaje, malkia wangu?"

"Mwanamke anayekupenda anajua."

Edilberto aliweka kijiko chini, macho yamelowa. "Yule niliyekuwa naye zamani alikuwa anapekua simu yangu nikiwa naoga. Miaka minne. Wewe huulizi hata nani kanipigia. Kwako napumzika, Zoraida."

Sasa Zoraida hakuweza tena kusema, maana angempoteza. Akaendelea kusoma.

Alhamisi moja ya Novemba yalitokea maneno haya: *Jumapili mwambie Z. Usimzungushe. Rudisha funguo.*

Aliyasoma mara ishirini. Funguo! Anataka kumwacha. Alilia siku mbili, simu ikilia bila kupokelewa, na Jumamosi mchana akaona heri aache kuliko kuachwa. Akampigia.

"Kipenzi, uko wapi? Nimekutafuta mpaka nimechoka!"

"Kesho usihangaike kuja. Funguo zangu mwachie mlinzi wa chini."

"Funguo? Zoraida, kuna nini?"

"Usinizungushe. Ulichotaka kuniambia kesho, mimi nakuambia leo. Basi. Tumeachana."

Yalikuwa maneno yaleyale aliyojiandikia. Edilberto ni fundi, hakuhitaji dakika nyingi. Alifungua kwenye simu yake orodha ya mashine zilizo chini ya akaunti yake, na ya pili ilikuwa laptopu ya Zoraida.

"Tangu lini unanisoma?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Edi..."

"Tangu lini?"

"Oktoba."

"Funguo ni za chumba changu cha Breña, namrudishia mwenye nyumba. Nimepata nyumba ya watu wawili huko Pueblo Libre. Kesho nilitaka kukuomba tuoane. Lete mashine niitoe kwangu."

Zoraida alifika Wilson nywele hazijachanwa, viatu vya nyumbani miguuni. Edilberto hakusimama. Alionyesha meza kwa kidole, naye akaiweka laptopu.

"Nisamehe. Kosa la kwanza lilikuwa lako, hukuibadilisha akaunti!"

"Ni kweli. Nililifanya siku moja. Wewe ukafanya lako kila siku."

"Nilikupenda kwa kila nilichosoma!"

"Nami nilijiona mtu anayejulikana bila kujieleza. Nilimwambia hata mama yangu. Leo sijui kipi ulikijua kwangu na kipi ulikisoma, na sitaacha kujiuliza kila utakaponipikia. Ile miaka minne siwezi kuirudia."

Aliandika neno lake la siri. Maandishi yakatoweka kwenye skrini yote kwa pamoja, soketi, giligilani, koti la bluu. Zoraida aliziba mdomo kwa kiganja.

"Niambie tu," alisema. "Kesho ungesema maneno gani?"

"Hayo sikuyaandika popote. Nilitaka uyasikie kwangu."

Zoraida alisubiri. Edilberto hakuyasema.

Skrini ikaomba jina jipya. Edilberto akamsogezea laptopu taratibu, kwa adabu ileile anayompa kila mteja.

"Weka neno la siri unalolijua wewe peke yako," alisema, akageuza uso ukutani mpaka Zoraida alipomaliza kuandika.