Yowe Kutoka Melini

Yaliyomkuta rafiki yangu Eliwaza, huko milimani Same, hata leo huyasimulia akiwa ameshikilia komeo la mlango.

Aliingia stoo kuchota mahindi, ukungu umetia giza mchana, ndipo redio ya mkononi aliyoiacha mwanawe Joel, baharia, ikaanza kukwaruza rafuni. Betri haikuwamo.

"Meidei! Meidei! Meidei! Meli inazama!"

Ilikuwa sauti ya Joel, katika wito wa mabaharia walio hatarini.

Upareni yowe likipigwa mlima huu, mlima wa pili huitikia. Eliwaza akaikumbatia redio, akapaza sauti: "Tumesikia, mwanangu! Njooni nyumbani! Njooni!"

Akaita tena na tena mpaka sauti ikamkauka.

"Tumepokea, mama," Joel akajibu taratibu. "Tunakuja wote."

Nje, ndani ya ukungu, miguu mingi ikasikika ikipanda kilima, kila hatua ikichuruzika maji.