Nilimuanika Mujukuu Wangu Kama Ndakala

Ulikuwa ule mwaka tuliokula bukari, ugali wetu, kwa majani ya sombe na maharagi tu, bila ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, hata moja ndani ya chungu. Serikali ilikuwa imefunga ziwa ili samaki zizaane. Sisi watu wa Kalemie, tuliozaliwa na harufu ya samaki kwenye nywele, tulikula maharagi mpaka matumbo yakaimba kwaya! Hata leo ukiuliza hapa kwetu jambo fulani lilitokea lini, muntu atakuambia: mwaka wa maharagi.

Njo mwaka huo doa la kwanza lilitokea kwenye uso wa Feza.

Mimi nina miaka sitini na miwili. Nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu baba yangu akasema kalamu haijazi chungu. Kwa hiyo mukiona maneno yangu yamepinda, munisamehe. Hayo mengine nitakayoyasema... sijui kama mutaweza kuyasamehe.

Feza ni mujukuu wangu. Mama yake, binti yangu wa kwanza, alikufa kwa homa wakati mutoto alikuwa bado ananyonya. Nilimulea mimi. Nilimubeba mugongoni huku nimeinama nikigeuza ndakala. Ananiita Koko, kama watoto wengi wa hapa wanavyoita bibi zao, na yeye hajui mama mwingine.

Niseme ukweli: mimi ni muntu wa majivuno. Kwenye kazi ya kuanika ndakala, hakuna mwanamuke pwani yote anayenifikia. Zangu hazina muchanga, hazina funza, ukizishika zinavunjika kama ganda la karanga. Wanunuzi wa Lubumbashi wanateremka wakiuliza: "Mama Jua yuko wapi?" Njo jina langu hilo, Mama Jua. Nililivaa kama taji.

Majivuno yangu ya pili yalikuwa uso wa Feza. Mweusi wa kung'aa, kama mbegu ya papai iliyooshwa! Siku ya Mungu nilikuwa ninamuacha atangulie kuingia kanisani, mimi nyuma, ili nione watu wakigeuza shingo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kijana mumoja anayeitwa Amani, mwenye kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Kabimba, alikuwa amemupenda. Wazee wa Amani walisema ziwa likifunguliwa tu, watakuja kujitambulisha.

Halafu lile doa... Lilianza kwenye shavu moja, likaruka pua, likatua kwenye shavu la pili. Jekundu, lenye magamba, kama kipepeo aliyekataa kuruka. Mutoto akaanza kujifunika na kitambaa hata akienda kisimani. Watu wakasema anajichubua kwa krimu. Wengine wakasema amelishwa sumu. Mama Sifa, tunayeanika naye sehemu moja, alisema wazi ni bulozi, ni uchawi, na akaniangalia mimi machoni alipokuwa akisema, kama vile muloji alikuwa ndani ya nyumba yangu!

Nikamupeleka hopitali. Pale tulimukuta dokta mumoja mwanamuke, munganga wa ngozi, tuliyemuita Mama Dokta. Alisema ugonjwa unaitwa lupusi. Si ukoma, hauambukizi, hakuna muntu aliyeutuma. Ni askari wa mwili wenyewe waliochanganyikiwa wakaanza kupiga raia wao. Kwa Feza walikuwa wanapiga ngozi.

Akatuambia kuna pomadi mupya, dawa ya kupaka, wanayoijaribu. Hakutudanganya. Alisema: "Koko, inaweza kusaidia, inaweza isisaidie, njo maana tunajaribu." Wagonjwa wengine watapewa hiyo mupya, wengine ile ya zamani, matube yote yanafanana, na hata yeye mwenyewe hajui nani amepata ipi. Kila mugonjwa akirudi kumuona, atamuuliza maswali na kumupiga picha ya uso. Feza alifikiri, akauliza yake, akakubali mwenyewe. Alikuwa muntu muzima.

Kitu kimoja tu Mama Dokta alikirudia mpaka nikachoka: jua. Ugonjwa huu na jua ni adui. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli. Na kama jua limemupiga hata kidogo, tuseme. "Mukinificha," alisema, "nitafikiri ni pomadi inayofanya hivi au vile, na nitawakosea wote."

Nilisikia vizuri. Nisije nikasema sikusikia... Nilisikia!

Mwanzo tulifuata. Feza alipaka asubuhi na jioni, akavaa kofia ya majani, akakaa ndani akishona. Doa halikukua, lakini halikuondoka pia. Mimi nilitaka liondoke! Nilikuwa ninachungulia lile shavu kama muntu anayechungulia chungu kisichochemka.

Halafu ziwa likafunguliwa. Ee Mungu wangu, ndakala siku hiyo! Zilijaa mitumbwi mpaka nyingine zikarudi majini. Pwani yote ikawa nyeupe, watu wakaimba. Na Amani akatuma neno: wazee wake wanajiandaa kuja.

Nikaingiwa na hofu. Wazee waje wakute mutoto amepakwa mafuta, amejifunika kofia ndani ya nyumba kama muntu aliyeiba?

Sasa wasomaji wenzangu, musikilize mawazo ya muntu anayejiona anajua. Miaka yote ya maisha yangu nimejifunza jambo moja: kitu kibichi ukikifunika, kinaoza. Ndakala ukizilundika zikiwa na maji, kesho ni funza. Ukizitandaza juani, zinapona, zinadumu. Nikaangalia uso wa Feza, umelowa pomadi, uko chini ya kofia... Nikajiambia: hawa wanganga wanaozesha mutoto! Kidonda kinataka kukauka! Na nani anajua kukausha kunishinda mimi, Mama Jua?

Nikamuambia Feza afute pomadi, avue kofia, tushuke wote pwani.

Akanikatalia. Mutoto ambaye hajawahi kunijibu hata mara moja! Alisimama katikati ya mulango, tube mukononi, akasema:

"Mimi si ndakala, Koko. Siendi."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele, labda ningestuka.

Nilimutukana. Nilimuuliza nani alimulea, nani alimutafunia chakula wakati hana meno. Halafu nikatoa silaha mbaya kuliko zote: nikasema mama yake angekuwa hai, angeona haya kuzaa mutoto asiyesikia. Feza akaweka tube juu ya meza, polepole. Akanifuata.

Nilimutandikia mukeka kati ya nyavu mbili za ndakala, nikamulaza uso juu. Nikawa ninageuza samaki, nikirudi ninamugeuza yeye, shavu hili, shavu lile. Mama Sifa akapita na beseni yake kichwani, akasimama akacheka: "Eh, Mama Jua! Leo unaanika na mujukuu? Kilo moja bei gani?"

Na mimi nikacheka.

Nilicheka, wasomaji! Feza alikuwa amefunga macho, na chozi likateremka likaingia sikioni.

Tulirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Magamba yakakauka, yakadondoka, nami nikatamba pwani yote kwamba nimewashinda wanganga. Furaha hiyo haikudumu. Uso ukavimba. Ule wekundu ukashuka shingoni, ukaingia kifuani na mikononi. Vidonda vikafunguka karibu na midomo. Mutoto akapata homa, vidole vikakakamaa, hata kikombe hakuweza kukishika.

Nikamukimbiza kwa Mama Dokta. Nilipomuona anavyokunja uso, nilijua. Lakini alipouliza kama Feza amekaa juani, nilirukia jibu kabla mutoto hajafungua mudomo: "Hajaonja jua, Mama Dokta! Ninakuapia kaburi la mama yake!"

Kwa nini? Kwa sababu niliona haya. Mimi Mama Jua, niseme mbele ya wale vijana waliovaa nyeupe kwamba nimemuunguza mujukuu wangu mwenyewe? Feza aliniangalia, halafu akaangalia ukuta. Hakunisaliti.

Mama Dokta alikuwa anamusafisha sikio na pamba. Akasimama. Kwenye mukunjo wa sikio kulikuwa na kitu kidogo kinachong'aa kama feza yenyewe. Gamba la ndakala. Akaniuliza ni nini hicho. Nikamujibu haraka kwamba kimetoka kwenye kitambaa changu, maana mimi ni muntu wa samaki, samaki wananifuata hata kitandani. Akaliweka lile gamba juu ya pamba, akaendelea kusafisha. Aliheshimu mvi zangu, yule mwanamuke. Aliziheshimu kuliko nilivyoziheshimu mimi.

Sasa musikie uongo wangu ulipofika. Kama jua halikumugusa, basi ilibidi wafikiri kwamba pomadi njo imemuunguza. Wangeacha wengine waungue? Wakaita wagonjwa wote, wakawaambia waache kupaka mpaka jambo lieleweke. Feza wakamulaza.

Kati ya wagonjwa wale kulikuwa na Mama Vumilia, muuza mawese. Tulikuwa tunakaa naye benchi moja. Yeye uso wake ulikuwa umeanza kusafika, alikuwa amerudi kucheka na meno nje. Nilimukuta penye mulango wa hopitali, mikono mitupu, anatoka kurudisha tube yake. Akanishika mukono. Akasema: "Mama, pole na mutoto. Dawa yangu wameichukua, lakini simulaumu. Ugonjwa hauna mwenyewe."

Alinipa pole! Yule niliyemunyang'anya uso wake, alinipa pole na akatoa ndizi mbili kwenye kikapu chake, za Feza.

Nilizishika zile ndizi nikasikia zinaniunguza mikono. Niligeuka, nikaingia kwa Mama Dokta bila kubisha. Nikasema yote. Mukeka, nyavu, kofia niliyoitupa chini ya kitanda, gamba la sikioni, kaburi la binti yangu nililoapia. Nilisema mbele ya wale vijana wa nyeupe wote, na hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana! Mama Dokta aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo: "Feza alikataa?"

Nikasema ndiyo. Alikataa.

Baada ya kuchunguza, wale wengine walirudishiwa pomadi zao. Lakini Feza walimutoa kwenye majaribio. Walisema uso wake hauwezi tena kusema ukweli kuhusu dawa, kwa sababu mimi nimechanganya. Walimutibu na vidonge walivyokuwa navyo, homa ikashuka, vidole vikalegea. Alama zilibaki. Mahali pamoja peusi sana, mahali pengine peupe kama jivu.

Pomadi ile inaponyesha? Mpaka leo sijui, na wanganga nao walisema kazi haijaisha. Tube ya Feza ilikuwa mupya au ya zamani? Sijui. Labda ingemuponya polepole kama ningetulia. Labda hapana. Hilo "labda" njo ninalala nalo.

Wazee wa Amani walikuja, wakala, wakasifu ndakala zangu, wakaondoka, hawakurudi. Amani mwenyewe alirudi peke yake kuomba radhi. Feza alimupa maji ya kunywa, akamusindikiza mpaka njiani, basi.

Alipopata nguvu, alifunga nguo zake. Alikwenda Bendera, kwa mama yake mudogo, ambaye bwana yake anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme. Anashona nguo kule, barazani penye kivuli. Siku ya kuondoka alinikumbatia. Hakuniambia neno baya. Kofia ya majani aliitoa mwenyewe chini ya kitanda, akaipangusa vumbi, akaivaa.

Ndugu zangu wasomaji, hasa ninyi mabibi wenzangu mulio na sauti kubwa ndani ya nyumba. Kujua kazi moja si kujua kazi zote! Mimi ninajua samaki aliyekufa. Ngozi ya muntu aliye hai sikuijua, na nilikataa kumusikiliza mwenye ngozi. Na kama mutoto wenu ameingia kwenye majaribio ya dawa, musifiche kitu. Hata kama ni cha kuaibisha, hata kama mutachekwa. Mimi nilikwepa aibu ya dakika moja mbele ya dokta, sasa ninayo ya maisha.

Pwani wananiita bado Mama Jua. Zamani nilikuwa ninaitika haraka. Siku hizi ninajifanya sijasikia.

Juzi ndakala zilikuja nyingi tena, nyumba ikanukia kama zamani, nikashindwa kuvumilia. Nikamupigia Feza telefoni. Nilimuambia nimejengesha banda la matete nyuma ya nyumba, lina kivuli tangu asubuhi, jua haliingii hata kwa kuiba. Nimenunua mwamvuli. Hatashuka pwani hata siku moja, nimeapa, safari hii kwa kaburi langu mwenyewe. Nikamuambia: rudi nyumbani, mama. Rudi kwa Koko wako.

Nilisikia cherehani yake imesimama. Halafu akanijibu, bila kelele, maneno yale yale ya siku ile kwenye mulango:

"Mimi si ndakala, Koko. Siendi."