Mstari Uliokosekana Daftarini

Kila Jumamosi Kanyiva alifagia ukumbi wa klabu ya kompyuta pale mtaa wa Jericho, kisha akawasha mashine tatu. Ile ya mbele ilifanya kazi kama dirisha la duka lenye wavu: mteja haingii ndani, anaomba dirishani, naye muuzaji anamletea. Ukiomba vitabu, ilikuletea kutoka kompyuta ya maktaba. Ukiomba matokeo ya kandanda, kutoka kompyuta ya mechi. Yeyote aliyegusa mipangilio yake aliandika daftarini alichobadilisha, tarehe na jina.

Jumamosi moja ya mwaka 1999, wazazi wangefika saa nne kutazama kazi ya klabu. Mwenzake Wanza akajaribu kuomba matokeo ya mechi. Kioo kikaonyesha kosa.

Mwalimu Muthama alifungua daftari. "Jina la mwisho ni lako, Kanyiva. Alhamisi. Umetuharibia! Toka, na klabuni usirudi."

"Haiya! Injinia wa ufagio," Wanza akacheka.

Kanyiva alipandwa na hasira ambayo ingechemsha chai ya kila nyumba mpaka mtaa wa Ziwani. Yaani aliyeandika ndiye mkosaji kwa sababu aliandika?

"Mwalimu, samahani, niruhusu nitazame faili la mipangilio kwanza. Kosa likiwa langu nitatoka mwenyewe."

Mama Raho, mlezi wa klabu, aliweka birika chini. "Mwache atazame."

Kompyuta ya mechi ilisubiri maombi kwenye mlango wa mawasiliano nambari 8002, lakini ile ya mbele ilikuwa ikiyapeleka 8020, ambako hakuna wa kuitikia. Tena faili lilionyesha siku na saa lilipobadilishwa: Ijumaa, saa nane mchana.

"Jana saa nane nilikuwa darasani, nafanya mtihani wa hesabu," Kanyiva alisema. "Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao nani?"

Mwalimu Muthama aligusa mfuko wa koti. Ufunguo ukalia humo humo.

"Ni mimi," akakiri. "Nilikuja kupanga mistari ya faili vizuri, kidole kikateleza. Nikajiambia mimi ni mwalimu, ya nini kuandika? Nisamehe, Kanyiva."

Kanyiva alirekebisha nambari. Matokeo yakajitokeza. Wanza akainamisha macho.

"Sikieni nyote," Mama Raho alisema. "Aliyeandika kazi yake haadhibiwi kwa kuandika. Na daftari hili ni la kila mkono unaogusa, hata ulioshika chaki miaka ishirini."

Kanyiva, bila tabasamu, alimsogezea Mwalimu kalamu. Wazazi wa kwanza walipoingia, walimkuta Mwalimu ameinama, anaandika.