Mtu wa Tano Kwenye Orodha

Jibu lenyewe lilikuwa zuri, tena la heshima: "Pole mama, mnyonyeshe mara kwa mara, tuko pamoja nawe." Kasoro yake moja tu. Lilitumwa saa saba na dakika kumi mchana, na wakati huo wafanyakazi wote wanne wa ofisi walikuwa meza moja, mikono imejaa mchuzi, simu zao zimepangwa dirishani.

"Nani amemjibu huyu mama kwenye ukurasa wa zahanati?" aliuliza msimamizi.

"Si mimi," alisema mpiga picha, mdomo umejaa. "Labda mchoraji."

"Mchoraji wapi! Labda mwandishi."

Mwandishi akainua mabega, wakacheka, yakaisha. Ndivyo walivyozoea, na huo ulikuwa ujinga, hauna jina lingine. Ofisi yao ya vyumba viwili iliendesha kurasa za mtandaoni za wateja kumi na wawili: wauza viatu, maseremala, na zahanati moja ya watoto. Zote zilifunguliwa kwa neno la siri moja, lililoandikwa kwa wino mwekundu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya birika la chai. Wafanyakazi walikuja wakaondoka, karatasi ikabaki palepale. Kazi ikifanyika, kila mtu alidhani ni mwenzake kaifanya, akashukuru kimoyomoyo.

Siku ya tatu msimamizi akafungua orodha ya wanaoendesha ukurasa wa zahanati. Akahesabu. Akahesabu tena kwa kidole. Watano. Wa tano hakuwa na picha, na jina lake lilikuwa Mwenzenu.

"Huyu yupo tangu mwaka jana," alinong'ona mpiga picha. "Bosi, mimi nilidhani ni mtu wako."

"Na mimi nilidhani ni wako."

Hapo juu ya vichwa vyao, kwenye stoo waliyoifunga kwa kufuli, wakasikia vidole vikigonga vibonye, ta-ta-ta, bila kupumzika. Harufu ya nywele zinazoungua ikateremka ngazi. Kwenye kioo cha simu, chini ya jina lile, kukatokea neno: anaandika.

"Anamwandikia nani?" mwandishi aliuliza.

Msimamizi akabonyeza. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwenye mtoto wa miezi miwili aliyempata baada ya mimba tatu kuharibika. Mdogo alikuwa ameuliza habari ya homa. Akajibiwa: "Mdogo wangu, ni mimi dada yako. Usihangaike na foleni ya zahanati. Mlete ofisini, panda juu moja kwa moja."

Na chini yake, dakika hiyohiyo: "Nimefika dada. Napanda kwa ngazi ya nyuma."

Msimamizi alitoka mbio, kiti kikaanguka, akazikwea ngazi mbili mbili huku akiita jina la mdogo wake, na harufu ikizidi kila alipopanda, na ile ta-ta-ta ikienda kasi mpaka ikawa mlio mmoja, na alipofika juu akaona kufuli liko sakafuni na mlango uko wazi na mdogo wake amesimama kizingitini, anatabasamu, anamnyooshea mtoto mtu ambaye hakuwapo gizani mle, na blanketi la mtoto tayari limeinuka upande mmoja, limeshikwa.

Akampokonya mtoto. Mlango ukajibamiza.

"Dada?" Mdogo alimtazama, akautazama mlango, akaanza kulia. "Sasa humu ndani nimeongea na nani?"

Mganga waliyemleta alikuwa mama mshona nguo, mkali, miwani puani. Hakupanda hata ngazi. Alisimama mbele ya karatasi ya wino mwekundu, akasonya.

"Jini huyu hakuvunja mlango. Ninyi mlimpa ufunguo, kisha mkamlisha hizo 'labda ni fulani' zenu. Kila mtu achague neno lake. Lisiandikwe, lisitajwe. Hata kwa mwenzio wa meza moja. Mnanisikia?"

Akaichoma karatasi. Huko juu kitu kililia kama mtoto, kikanyamaza. Orodha ikabaki na wanne. Mdogo mtu naye akaapa: hata aitwe vipi kwa maandishi, haendi popote.

Wiki mbili wakalala usingizi. Wiki ya tatu, msimamizi akiwa garini nje ya duka la mteja, simu ikaita. Mpiga picha, anahema.

"Bosi, nisaidie! Ukurasa umenifungia nje, na kuna mama hapa mwanawe anazimia, anaomba namba ya daktari. Nitajie neno lako, mara moja tu!"

Mtoto anazimia. Nani angekuwa na moyo wa jiwe? Akalitaja, herufi kwa herufi.

"Asante," ilisema sauti, haihemi tena.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Mpiga picha akaingia na soda mbili mkononi, kamera begani. "Bosi, una chaja? Simu yangu imezima tangu asubuhi."

Msimamizi aliinamia simu yake. Ilikuwa imetetemeka: ukurasa wa zahanati, ujumbe umetoka kwa jina lake: "Mdogo wangu, wewe usiende popote. Safari hii nakuja mwenyewe."

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, na katikati ya mlio jibu la mdogo wake likaingia:

"Sawa dada. Nipo bafuni, mtoto amelala sebuleni. Mlango nimeuacha wazi."